Nyumba moja au vyumba sita? Ulinganisho wa mwenye nyumba mdogo wa Lubumbashi

Bel-Air, komini (sehemu ya mji) ya Kampemba hapa Lubumbashi, Kongo, nina nyumba moja ya vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko la ndani na ukuta wa kuizunguka. Katuba nina vyumba sita vilivyopangana mstari mmoja, mlango kwa mlango, kila kimoja na kibaraza kidogo cha kuwekea babula, jiko la mkaa. Nyumba ya Bel-Air inakaa familia moja. Parseli (kiwanja) ya Katuba inakaa familia sita, au tano, au sita na shemeji mmoja ambaye hakuna aliyenijulisha, inategemea umenikuta siku gani. Nazishika zote mbili mwenyewe kwa miaka tisa sasa, na kila ninapokutana na mtu aliyemaliza kulipia parseli yake swali ni lile lile: "Yaya (kaka mkubwa), nijenge nyumba moja nzuri ama nijenge vyumba?"

Ninachomjibu ni hiki: vyumba vitakula muda wako, nyumba itakula akiba yako. Jiangalie kati ya hivyo viwili unacho kipi, halafu ndiyo umwite fundi.

Neno moja kabla ya hesabu, kwa wasomaji wa mbali. Huku kwetu "kodi" ni ya serikali. Anachomlipa mpangaji mwenye nyumba tunakiita pesa ya nyumba, na ndivyo nitakavyoandika.

Hesabu ya mdomoni na hesabu ya mwaka

Nyumba ya Bel-Air ni dola 300 kwa mwezi. Chumba cha Katuba ni dola 35. Mara sita, 210. Mtu anasikia hapo anasema nyumba imeshinda kwa dola 90, kwisha maneno. Huyo hajawahi kupangisha.

Chukua mwaka wangu mmoja, wala haukuwa mbaya. Mpangaji wa Bel-Air alihama mwisho wa Machi, kazi ilimpeleka Kolwezi. Nyumba ilikaa tupu Aprili, Mei, Juni na Julai. Mwingine aliingia Agosti. Miezi minane mara 300: dola 2,400. Katuba, mwaka huo huo, chumba kimoja kilikaa tupu miezi mitatu, ni dola 105 hizo, na kijana mmoja aliondoka usiku na godoro lake akiniachia deni la miezi miwili, dola 70. Vyumba sita vikijaa mwaka mzima vinaleta 2,520. Toa 175, zinabaki 2,345. Ile nyumba yenye ukuta na geti la chuma ilivishinda vyumba vya Katuba kwa dola 55 kwa mwaka.

Na ile miezi minne kosa lilikuwa langu. Mei alikuja mtu na 250 mkononi, baba wa watoto wawili, anavua viatu kabla ya kuingia ndani kukagua. Nikamwambia nyumba hii haishuki chini ya 300. Ningemkubalia, mwaka ule ungeniletea 900 za mpangaji wa kwanza na 2,000 zake, jumla 2,900. Kiburi kilinila dola 500. Ni kweli aliyeingia Agosti analipa 50 zaidi kila mwezi, na akikaa miezi kumi anakuwa amenirudishia. Lakini ile miezi minne watoto wangu hawakuacha kwenda shule, na shule haikungoja Agosti.

Hapo ndipo tofauti ya kwanza ilipo. Chumba cha Katuba kikiwa tupu unapoteza moja ya sita. Nyumba ikiwa tupu unapoteza yote. Kwa hiyo mwenye nyumba nzima anatakiwa awe na miezi mitatu minne ya maisha pembeni, isiyoguswa. Kama pesa ya nyumba ndiyo inayonunua unga wa bukari (ugali) nyumbani kwako, usijenge nyumba nzima. Jenga vyumba.

Garanti

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, ndiyo inayotawala kupangisha nyumba za kukaa, inasema garanti, pesa ambayo mpangaji anaiweka anapoingia na kurudishiwa anapohama, isizidi miezi mitatu ya pesa ya nyumba kwa nyumba ya kukaa na sita kwa mahali pa biashara. Wapo wanaoomba sita kwa nyumba ya kukaa, na wapo wanaozipata, kwa kuwa mpangaji mwenye haraka habishani. Mimi nachukua tatu. Siyo kwamba mimi ni mtu mwema kuliko wengine. Ni kwamba garanti kubwa ni deni kubwa, na nililijua hilo kwa kuumia.

Garanti ya kwanza ya Bel-Air, dola 900, niliinunulia manjanja (mabati) mapya ya paa la Katuba. Paa likapendeza. Baada ya mwaka na nusu mpangaji akaniita, amepata nyumba karibu na kazi yake, anaomba garanti yake. Mimi na dola 900 tuliachana siku nyingi. Nikafanya wanachofanya wengi mjini hapa, nikamwambia akae ale garanti, yaani akae miezi mitatu bila kulipa, ndiyo tumalizane. Akakubali. Miezi mitatu sikupata hata faranga, na alipotoka nikakuta bomba la jikoni linavuja ndani ya ukuta, vitasa viwili vya milango havipo, na faktura (bili) ya maji ya miezi mitano imekunjwa vizuri juu ya dirisha. Garanti ya kutengenezea hayo yote ilikuwa imeshaliwa.

Ndiyo maana nawaambia watu: kula garanti si kurudisha garanti. Garanti inawekwa kwa ajili ya siku ya kukabidhiana funguo. Ikimalizika kabla ya siku hiyo, haijakulinda na kitu.

Kwa chumba cha Katuba garanti ni 105. Hata nikiwa nimeitumia naweza kuikopa kwa mtu Jumatatu na kuilipa Ijumaa. Tatizo la Katuba liko upande wa pili: 105 haifuniki mtu mbishi. Sheria inampa mpangaji wa nyumba ya kukaa preavi, yaani notisi ya kuhama, ya miezi mitatu. Ukivumilia deni la miezi miwili, kama tunavyofanya wote kwa huruma, siku unayompa barua ya preavi garanti imebaki ya mwezi mmoja na yeye ana mitatu ya kukaa. Mtu akianza kuchelewa, hesabu garanti iliyobaki kabla hujahesabu huruma. Siku hizi mwezi wa kwanza ukipita bila pesa naenda kuzungumza, na mwezi wa pili ukianza barua iko mkononi mwake. Akilipa, barua tunaichana pamoja.

Mita moja, milango sita

Hapa nitakaa kidogo, maana hili halimo kwenye hesabu ya mtu yeyote anayeota kujenga vyumba.

Parseli ya Katuba ilikuwa na mita moja ya umeme. Miaka ya mwanzo faktura ya SNEL, shirika la umeme, ilikuwa inakuja, naigawa kwa sita, kila mlango unatoa sawa. Ilichukua miezi minne kufa. Mama wa chumba cha pili alikuwa na firiji, anauza maji baridi na juisi. Fundi cherehani wa chumba cha tano alikuwa na pasi. Chumba cha mwisho alikaa mzee mmoja, mlinzi wa usiku, mwenye taa moja ya ndani na simu ndogo ya kuchaji. Mzee alinijia na kofia mkononi: "Papa bayeri (mwenye nyumba), mimi usiku siko hapa, mchana nalala. Umeme ya firiji ya mama mimi nailipa ya nini?" Nilikosa jibu.

Tukajaribu kuhesabu taa. Kila taa pointi moja, televisheni mbili, pasi tatu, firiji tano. Mpango ukaenda vizuri mpaka makala, yaani mkaa, yalipopanda bei msimu wa mvua, watu wakaanza kupika kwa resho ya umeme usiku, mlango umefungwa na kitambaa kimezibwa chini yake ili harufu ya samaki isitoke. Kila mtu anajua, hakuna anayesema. Resho moja inakula kuliko firiji na taa zote za parseli ukizijumlisha.

Halafu ikaja mita ya kashipawa, nikadhani tumepona. Umeme unalipiwa kabla, basi ugomvi wa faktura umekwisha. Sikujua kwamba ugomvi utahamia Jumamosi usiku. Nakumbuka Jumamosi moja nilikuwa pale kwa shughuli nyingine, saa mbili usiku, mita ikafika sifuri. Giza. Milango sita wazi, watu sita wamekaa vibarazani kimya, kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme neno kwanza, kwa kuwa anayenunua kwanza ndiye atakayewadai wengine wiki nzima. Taa ya jirani inamulika juu ya ukuta. Mwishowe mtoto wa chumba cha kwanza, msichana wa miaka kama tisa, alichukua sahani ya plastiki akaanza kupita mlango kwa mlango. Faranga elfu moja hapa, mia tano hapa. Kwa mzee akapita bila kusimama. Alinifikia na mimi nikatoa elfu mbili, ndani ya parseli yangu mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata nilimtafuta fundi wa umeme, nikaweka kimita cha ndani kwa kila chumba. Ziliondoka dola ambazo zingenijengea kibaraza kizima, lakini nusu ya simu za usiku zilikatika. Anayejenga vyumba leo aiweke bei hiyo ndani ya hesabu tangu siku ya msingi. Ukiiacha kwa baadaye, utavunja plasta mpya kupitisha nyaya.

Bel-Air mambo ya umeme naweza kuyaeleza kwa maneno machache. Mita iko kwa mpangaji, anapikia resho yake, ananunua yake. Kazi yangu ni moja: siku ya kuingia tunaandika namba ya mita na ya maji, siku ya kutoka tunaandika tena, na funguo hazipokelewi kabla faktura hazijaonyeshwa zimelipwa. Deni la maji au la umeme linabaki na nyumba. Mpangaji anahama, REGIDESO, shirika la maji, inamjua mwenye parseli.

Choo, mvua na kipande cha ubao

Familia sita, vyoo viwili, bafu moja. Tangu Novemba mpaka Aprili mvua inanyesha, na shimo lililochimbwa kwa kubahatisha linapanda. Kuna mwaka nililitoa maji mara mbili msimu mmoja, na aliyekuja kulitoa alinitajia bei huku ameshika pua, ili nielewe.

Usafi nilijaribu kuusimamia kwa maneno, nikashindwa. Kilichofanya kazi ni ubao. Kipande cha ubao, kimeandikwa CHOO kwa rangi nyekundu, kina tundu la kupitishia msumari. Kinatundikwa mlangoni kwa mwenye zamu. Akimaliza wiki yake anakihamishia mlango unaofuata, na mwenye mlango ule akikuta choo kichafu anakataa kukipokea. Sikulibuni mimi, nililiona kwa jirani. Mimi sina neno tena: ubao unatangaza mchafu ni nani kwa parseli nzima. Fundi cherehani mara moja aliuficha wiki nzima ndani ya vitambaa vyake, wanawake wakamwimbia mpaka akautoa.

Kwenye nyumba nzima haya hayapo. Yapo mengine, ya pesa nyingi kwa mara moja: tanki la maji limepasuka, pampu ya foraji (kisima kirefu) imeungua, ukuta umelala baada ya mvua ya Januari. Katuba natoa dola tano hapa, kumi kule, kila wiki, na uchovu. Bel-Air naweza kukaa miezi minane sijatoa kitu, halafu siku moja natoa 400.

Ugomvi ukifika

Bel-Air ugomvi ni wa watu wawili, mimi na mpangaji, na una karatasi. Kontra (mkataba) imeandikwa, imepelekwa kwa huduma ya Habitat, ofisi ya mambo ya nyumba ya komini, ikapigwa muhuri, hali ya nyumba imeandikwa chumba kwa chumba, na picha tumezipiga sote wawili siku ya kuingia. Tukishindwana tunaanzia huko huko Habitat kupatanishwa, na upatanisho ukishindikana wanaandika hivyo, ndiyo mahakama inafuata. Ni njia ndefu, ila inajulikana.

Katuba ugomvi mara nyingi si wangu. Ni wa mlango wa pili na wa tatu, maji ya kuoshea yamemwagwa mbele ya kibaraza cha mtu, mtoto amempiga mtoto, redio ya injili saa kumi na moja asubuhi. Wote wananiita mimi. Ukiwa na vyumba wewe ni mwenye nyumba na ni jaji, na shefu wa avenyi (mtaa) ndiye rufaa. Mtu asiyependa kukaa kwenye kiti cha plastiki saa mbili nzima akisikiliza nani alianza, vyumba si vyake.

Kosa moja sitalirudia. Mwaka wa tatu, mpangaji wa chumba cha nne alifika miezi minne bila kulipa. Nikaweka kadena (kufuli) yangu juu ya kadena yake, akiwa kazini. Sheria haikunipa ruhusa hiyo na mimi nilijua. Alirudi jioni na mtoto mgongoni, akakuta mlango una kadena mbili. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kushtaki, na kufikia asubuhi mimi ndiye niliyekuwa nikijieleza mbele ya watu, siyo yeye. Kadena ile ilinigharimu zaidi ya miezi minne aliyokuwa anadaiwa, na deni nalo likazama humo humo.

Tangu hapo Katuba nina daftari mbili kwa kila mlango, moja yangu moja ya mpangaji. Siku ya pesa tunaandika zote mbili na kusaini zote mbili. Wengi wa vyumba vya Katuba wanapangisha kwa mdomo, sheria inataka maandishi. Kontra ya ukurasa mmoja na daftari hizo mbili zimenitosha mara zote tulipofika mbele ya mtu wa tatu.

Dola au faranga

Mpangaji wa Bel-Air anapata mshahara kwa dola, analipa kwa dola. Wa Katuba wanauza, wanashona, wanalinda, wanabeba, na mifuko yao ni ya faranga. Kwa muda mrefu niliwawekea faranga 98,000, ndizo dola 35 wakati dola moja ilipokuwa karibu 2,800. Miezi ya mwisho ya 2025 dola ikashuka chini ya 2,500. Nilifurahi wiki moja. Wiki ya pili walikuja wote sita pamoja, ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya ubao wa choo, na hoja moja: kwa 2,400 dola 35 ni faranga 84,000, hizo 14,000 za juu ni za nini? Dola ilipokuwa inapanda nilikuwa nikiwapandishia bila aibu. Sikuwa na la kusema.

Sasa daftari linasema dola 35, zinalipwa kwa faranga kwa kiwango cha siku hiyo cha kambisti, mbadilisha pesa, wa kona ya avenyi. Kikipanda kinatupandia sote, kikishuka vilevile.

Kodi ya serikali

Mapato ya kupangisha yanatozwa kodi ya mkoa, ile tunayoijua kwa herufi zake IRL, na hapa Haut-Katanga mkusanyaji ni DRHKAT, idara ya mapato ya mkoa. Vyumba havikukwepeshi. Tofauti inayowashtua watu iko kwa nyumba nzima: ukimpangisha mtu binafsi unajitangazia mwenyewe na kulipa mwenyewe, lakini mpangaji akiwa ni kampuni, kampuni inakata kodi hiyo kabla ya kukulipa. Rafiki yangu alisherehekea kupata kampuni, wakakubaliana bei kwa mdomo, na mwezi wa kwanza akapokea pungufu akadhani ameibiwa. Kwa hiyo mezani sema wazi bei yako ni kabla ya kukatwa au ni ya mkononi, na kila wanapokata dai karatasi ya kuonyesha imelipwa wapi.

Pamoja na hayo, kampuni kwa nyumba nzima ni mpangaji mzuri: analipa miezi kadhaa pamoja na hana shemeji wa siri. Ubaya wake ni kwamba hakai, anaweka watu wanaobadilika, na mtu asiyelipa kwa mfuko wake hafungi bomba vizuri.

Nani ashike

Komisyoneri (dalali) ni wa kutafuta mpangaji, siyo wa kushika nyumba. Ada yake ya kawaida ni mwezi mmoja wa pesa ya nyumba, na anayelipa ni mpangaji, ingawa hakosi kukunyoshea mkono na wewe. Kumbuka tu kwamba yeye anapata pesa mpangaji anapoingia, kwa hiyo mpangaji anayekaa miaka mitano kwake si habari njema. Mmoja aliniletea watu watatu ndani ya miezi kumi na minne kwa chumba kile kile. Nikaacha kumpigia, chumba kikatulia.

Ndugu? Nilimweka binamu yangu Katuba akae bure ili aangalie parseli. Chumba cha bure ni dola 35 kila mwezi, 420 kwa mwaka, na binamu hupokei risiti kwake. Sasa mama wa firiji, anayekaa pale mwaka wa saba, namtolea dola 10 kwenye 35 zake. Ananipigia simu kabla tatizo halijawa ugomvi. Zile 10 sijawahi kuzijutia.

Nyumba ya Bel-Air haihitaji mtu. Inahitaji nipite mara moja kwa miezi mitatu, kwa miadi, nikiwa na fundi, niangalie paa na mabomba, ninywe maji, niondoke.

Kwa nani kipi

Ukiwa unakaa Lubumbashi hapa hapa, karibu na parseli, una moyo wa kusikiliza watu na pesa unaihitaji kila mwezi bila kukosa: vyumba. Ukiwa Likasi, Kinshasa au Ulaya, au una kazi inayokumaliza mchana, na una akiba ya kuvumilia miezi mitupu: nyumba. Niliyemwona akipoteza zaidi ni mtu wa mbali mwenye vyumba vingi. Pesa zake zinaishia kwa anayezipokea.

Wa upande wa Kasapa, karibu na chuo kikuu, wana habari ya kipekee kidogo. Wanafunzi wanajaza vyumba haraka na hawana firiji, lakini likizo chumba kinabaki na mkeka na mlango, na anayelipa ni mzazi aliye mbali. Chukua namba ya mzazi kabla ya garanti. Na kama umerithi nyumba ya zamani ya mjini yenye boyeri (kijumba cha mtumishi) nyuma, huna haja ya kuchagua: pangisha ya mbele kwa familia na boyeri kwa mtu mmoja mtulivu, ila mpe mlango wake wa kutokea nje, la sivyo mwaka hautaisha bila ugomvi.

Mwenyewe nimepata parseli ya tatu, ndogo, kule komini ya Annexe. Wiki iliyopita fundi alikuja na kamba na vigingi, akaniuliza anachora nini, nyumba au vyumba. Nikamwambia nyumba mbili ndogo, kila moja chumba na sebule, choo chake ndani, zimepeana mgongo. Akapiga hesabu kwa kidole hewani, akasema mfereji wa choo mmoja unatosha zote mbili, utaokoa saruji. Nikamwambia sawa, mfereji mmoja. Akaendelea: basi na mita tuweke moja, baadaye utagawa.

Nilimwomba arudie kuhesabu. Mita mbili.